Deni la Kiraka

Wazee wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hii niliifundisha darasani kwa miaka zaidi ya 30, na sikumbuki mwanafunzi aliyeshindwa kuielewa, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amekwisha kuona nyumba ya udongo ikipasuka baada ya masika. Lakini methali hiyo ina jambo moja inalolichukua kwamba lipo tayari: kwamba mwenye nyumba ndiye mwenye udongo. Ufa ni wako, udongo uko uani kwako, mikono unayo. Usipoziba, ujilaumu mwenyewe. Haikutuambia tufanye nini pale ambapo ufa uko kwenye ukuta wetu, lakini udongo wa kuuziba uko kwa mtu mwingine aliye mbali, naye anatuambia: "Nitakuzibia, ila kwanza ukubali nikubomolee nyumba yote nikujengee nyingine."

Jambo hili lilinifika mimi, si kwa nyumba bali kwa simu ya mkononi. Najua msomaji atatabasamu. Mzee aliyestaafu ualimu, ambaye kwa kawaida huandika juu ya subira na ujirani mwema, sasa anaandika juu ya simu! Namwomba anivumilie. Katika jambo hili dogo nilikuta maswali ambayo nimekuwa nikiyazunguka maisha yangu yote: nani ana deni kwa nani, deni huisha lini, na mtu anaweza kuharibu mali ya mwenzake bila kunyoosha mkono?

Simu yenyewe niliipata mwaka 2017. Binti yangu aliinunua Dar es Salaam akaniletea hapa Tanga, siku moja kabla ya Idi. Ilikuwa ya Android, toleo la 7, na nafasi yake ya kuhifadhia vitu ilikuwa gigabaiti 16, kiasi ambacho siku hizo niliona ni ghala zima. Sitaitaja kampuni iliyoitengeneza; haja yangu si kumshitaki mtu. Niliizoea pole pole. Niliitia picha za wajukuu, nikasikiliza redio, nikapokea pensheni na kulipia umeme. Na kwa kuwa walimu wastaafu wa mtaani kwetu tulikuwa na kikundi cha kuweka na kukopa, nami nilikuwa mweka hazina, simu ile ikawa ndiyo daftari, ndiyo kengele ya mkutano, na kwa kiasi fulani ndiyo sanduku la fedha.

Mwaka 2018 simu ikaniambia kwamba kuna toleo jipya, la 8, na ikaniuliza kama nalitaka. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa akifundisha hisabati, alikuwa na simu ya aina ile ile. Yeye alikubali upesi, maana ni mtu wa kupenda mambo mapya. Baada ya wiki mbili akaja barazani kwangu uso umemwiva. Simu yake imekuwa nzito kama mtu aliyeshiba pilau. Akitaka kupiga, asubiri. Nafasi imejaa, amelazimika kufuta picha za mazishi ya kaka yake. Na hakuna njia ya kurudi alikotoka. "Mwalimu," akaniambia, "usithubutu." Nami sikuthubutu. Kila simu iliponiuliza, niliijibu baadaye, na hiyo baadaye ikawa miaka.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba ndani ya furushi lile moja mlikuwa na vitu viwili. Kimoja kilikuwa sura mpya, rangi mpya, mpangilio mpya na mambo mengi ambayo sikuwa nimeyaomba. Cha pili kilikuwa viraka vya usalama. Kampuni ilikuwa imeamua kwamba kuanzia siku ile viraka vitatolewa kwa waliokubali toleo jipya tu. Mimi niliyebaki na la zamani niliachwa na simu iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kabisa, nyepesi, yenye picha zangu zote, na yenye nyufa zisizoonekana. Ukiingia katika mipangilio ya simu kama ile, chini kabisa, utakuta mstari mmoja unaotaja tarehe ya kiraka cha mwisho. Yangu ilisema Septemba 2018. Miaka ikapita, tarehe haikusogea.

Hapa inafaa nieleze kidogo, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa. Programu ya simu ni maandishi. Watu wameyaandika, mamilioni ya mistari, na mwanadamu hawezi kuandika hata barua ya kurasa mbili bila kosa. Makosa mengi ni ya kuudhi tu. Lakini yako machache ambayo ni kama mlango uliosahauliwa wazi: mtu mwenye nia mbaya akiujua, anaingia. Mwezi Julai 2015 ilitangazwa kwamba katika sehemu ya Android iitwayo Stagefright, inayoshughulikia picha za video, mlikuwa na makosa ya namna hiyo. Mwizi aliyejua namba yako tu angeweza kukutumia ujumbe wenye video iliyotegwa, na katika simu nyingi mtego ungefyatuka kabla hujaugusa. Mamia ya mamilioni ya simu zilikuwa na udhaifu huo. Mwezi uliofuata kampuni ya Google ikatangaza kwamba itatoa viraka kwa simu zake kila mwezi, na ndipo simu zikaanza kuonyesha ile tarehe niliyoitaja. Kwa hiyo tarehe ile si pambo. Ni sawa na alama anayoiweka mlinzi kila anapomaliza zamu: nimepita hapa, milango nimeitazama.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Hebu tuseme umemwendea fundi cherehani akakushonea kanzu. Baada ya mwezi mshono wa kwapani unafumuka, kwa sababu uzi ulikuwa mbovu. Unamrudishia. Anaitazama, anakiri kwamba uzi ulikuwa mbovu, kisha anasema: "Nitakushonea, lakini si kanzu hii. Nina mtindo mpya. Chukua kanzu mpya, tena bure, na ndani yake mshono utakuwa mzima." Unaijaribu, inakubana shingoni. Unamwambia ile ya zamani yakutosha, unachotaka ni uzi tu. Anakujibu: "Uzi pekee siutoi."

Je, fundi huyu ni mkarimu au ni dhalimu? Amekupa kanzu nzima bila senti. Hata hivyo moyo wako unakuambia kuna mahali umedhulumiwa, na naamini moyo unasema kweli. Kanzu mpya ni zawadi, na uzi ni deni. Zawadi mtu huitoa apendapo, nawe una hiari ya kuikataa. Deni halina hiari wala masharti. Dawa yake ni kulipa. Anayekuambia "nitakulipa deni langu ukipokea zawadi yangu" ameligeuza deni kuwa chambo.

Nilipokuwa na umri mdogo ningemaliza insha yangu hapa, nikapigiwa makofi. Lakini uzee hufundisha kumsikiliza na mshitakiwa. Naye ana maneno.

Kwanza atasema kwamba kiraka hakishonwi mara moja kikaenea nguo zote. Kiraka kilichokatwa kwa ajili ya maandishi ya mwaka huu hakiingii kwenye maandishi ya miaka minne iliyopita, kwa sababu kitambaa chenyewe kimebadilika. Lazima mtu akae, akikate upya, akijaribu, aone kama hakijapasua mahali pengine. Na simu ni kazi ya mikono mingi: wako waliotengeneza mfumo, wako waliotengeneza kichakataji kilicho moyoni mwa simu, na yuko aliyeviunganisha vyote akabandika jina lake. Mmoja akichoka, wote wanakwama. Kampuni yenye aina 50 za simu ikitakiwa kutunza kila toleo la kila aina, mafundi wake watakuwa wanashona viraka mchana na usiku.

Pili atasema kwamba si kila ulinzi ni kiraka. Ulinzi mwingine uko katika msingi wa nyumba. Mfano ninaoujua ni huu: kabla ya Android ya 6, iliyotoka mwaka 2015, programu ulipoiingiza ilikudai ruhusa zote kwa mkupuo, za majina, za ujumbe na za kamera, ukikataa moja umekataa programu yote. Kuanzia toleo la 6 unaulizwa ruhusa moja moja pale inapohitajika, nawe unaweza kusema hapana. Jambo kama hilo huwezi kulishona kama kiraka. Ni nyumba nyingine. Kwa hiyo nakiri kwamba toleo jipya si rangi na mapambo matupu, na mimi niliyelidharau nilidharau na baadhi ya mema yake.

Hayo ni maneno ya haki na nimeyapokea. Lakini mshitakiwa akiongeza la tatu, kwamba kulitunza toleo la zamani haiwezekani, hapo namkatalia, kwa sababu imewezekana. Simu ya iPhone 5s ilianza kuuzwa Septemba 2013. Mwaka 2019 lilipotoka toleo la 13 la mfumo wake, simu hiyo haikuweza kulipokea. Ilibaki na la 12. Lakini Januari 2023, zaidi ya miaka 9 tangu izaliwe, kampuni ya Apple ilitoa kiraka kwa toleo lile lile la 12, kuziba tundu ambalo ilisemekana wahalifu walikuwa wamekwisha kulitumia. Hawakumwambia mtu abomoe nyumba. Walileta udongo, wakaziba, wakaondoka. Kampuni hiyo hiyo, mwaka 2021, ilipotoa toleo la 15, iliwaambia wenye simu kwamba wanaweza kubaki na la 14 na bado wakapata viraka muhimu. Watu wengi walifurahi. Miezi michache baadaye mlango huo ukafungwa, na mapema mwaka 2022 ikaelezwa kwamba ulikuwa wa muda tu.

Uko pia mfano wa kompyuta. Kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014. Baada ya hapo viraka vilikuwa vya wateja wenye mikataba maalumu ya malipo. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilivamia kompyuta katika nchi zaidi ya 100, hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa, na kesho yake tu kampuni ikatoa kiraka cha XP kwa kila mtu, bila malipo. Kwa hiyo udongo ulikuwepo. Ulikuwa umewekwa kabatini.

Na mafundi wa Google wenyewe wamefanya kazi ya kutenganisha vile vitu viwili vilivyofungwa furushi moja. Katika Android ya 8, ya mwaka 2017, waliitenga sehemu ya mtengenezaji wa kichakataji na sehemu ya mfumo, ili moja irekebishwe bila kuivuruga nyingine. Katika Android ya 10, ya mwaka 2019, baadhi ya vipande vya mfumo vikawezeshwa kupokea viraka kupitia duka la programu, bila kumsubiri aliyeunda simu. Neno "haiwezekani", basi, mara nyingi lilikuwa na maana ya "hailipi". Hayo ni maneno mawili tofauti, na mwalimu yeyote wa Kiswahili angemkata alama mwanafunzi anayeyachanganya.

Hadi hapa nilikuwa nimeshinda kesi yangu barazani. Miaka kadhaa niliwahutubia jirani zangu namna hii, simu yangu ya zamani mkononi kama ushahidi, nikajiona mtu mwenye msimamo. Sikununua simu mpya kwa sababu sikutaka kumzawadia aliyenidhulumu. Binti yangu alinisihi mara mbili, mara tatu. Nilimjibu kwamba simu haijavunjika.

Mwezi Juni 2022, alasiri moja, nilipokea ujumbe kutoka kwa namba ya mtu ninayemfahamu. Ulikuwa na kiungo, na maneno kwamba ni picha za mkutano wetu. Nilikibonyeza. Ukafunguka ukurasa mweupe, hauna kitu. Nikaufunga, nikaenda msikitini. Usiku ule niliona akaunti yangu ya WhatsApp imetolewa katika simu. Asubuhi watu wakaanza kufika mlangoni kunipa pole. Mtu aliyejifanya mimi alikuwa amewaandikia wanakikundi karibu wote: mwanangu amelazwa ghafla, naomba shilingi 180,000, nitarudisha Ijumaa, tafadhali tuma kwa namba hii ya muuguzi. Wengi walishituka, wakanitafuta kwanza. Mmoja hakunitafuta. Alikuwa mjane, mwalimu wa zamani wa darasa la kwanza, mtu mwenye kipato kidogo kuliko sisi sote. Alituma fedha zote, akatumia na akiba ya dawa zake za sukari.

Nilipokwenda kumwona hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alisema tu: "Nilituma kwa sababu lilikuwa jina lako, Mwalimu."

Siku ile ile niliipeleka simu kwa fundi mmoja huko Ngamiani, kijana niliyemfundisha darasa la sita. Aliniamkia, akaniweka kitini, akaitazama simu muda mrefu. Nilimwuliza kwa ukali kama kwamba yeye ndiye mkosa: ni ule ufa ndio uliomwingiza mwizi? Nilitaka aseme ndiyo. Kama angesema ndiyo, ningekuwa na mtu wa kumshitaki.

"Mwalimu," akasema, "hapa siwezi kuapa. Yawezekana waliingia kwa tundu, maana kivinjari chako cha zamani kina matundu yanayojulikana. Yawezekana pia siku nyingine uliletewa namba za uthibitisho ukamsomea mtu kwenye simu, ukasahau. Watu wengi huibiwa hivyo, bila tundu lolote. Kama simu ingekuwa na viraka vyake, ningeweza kuliondoa moja nikabaki na jingine. Ilivyo sasa, siwezi kujua."

Maneno hayo yalinikaa moyoni kuliko wizi wenyewe. Nilizoea kufikiri kwamba ufa unamtishia mwenye nyumba kwa jambo moja, kuingiliwa. Kumbe ufa unaiba na kitu kingine: unakuibia uwezo wa kusema kweli juu ya lililotokea. Sikuweza kusema "nimedhulumiwa na kampuni", kwa sababu huenda niliteleza mwenyewe. Sikuweza kusema "ni kosa langu", kwa sababu huenda mlango uliachwa wazi na mwingine. Mtu asiyeweza kujitetea wala kutubu yuko mahali pabaya.

Nilimwuliza kama ingekuwa tofauti laiti ningelikubali lile toleo la 8. Akatabasamu kidogo. Viraka vya toleo hilo, kwa simu ya aina yangu, navyo vilikwisha mwaka 2020. Mwenzangu wa hisabati, aliyekubali, alikuwa na ufa kama mimi. Tofauti ni miaka miwili. Nikamwuliza kuhusu watu wanaojitolea. Wapo, alisema. Uko mfumo uitwao LineageOS, uliozuka mwishoni mwa mwaka 2016, ambao watu wa kujitolea huutunza na kuufikishia simu zilizotupwa na wenyewe. Lakini simu yangu haikuwamo katika orodha yao. Na hata ingekuwamo, programu zile za chini kabisa, za kichakataji, wanaozimiliki ni walioziandika, na baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi katika simu iliyofunguliwa namna hiyo. Nilishangaa sana kusikia kwamba kuna watu wanaoshona bure, usiku baada ya kazi zao, viraka ambavyo wenye deni wameacha kuvishona. Nikatamani kuwaombea dua, na simu yangu haimo hata katika orodha yao.

Nikiwa pale kwenye benchi la fundi ndipo nilipoiona nusu ya pili ya kesi yangu, ile ambayo barazani sikuitaja kamwe. Nilikuwa nimehesabu deni la mtengenezaji kwangu. Sikuwa nimehesabu deni langu kwa watu waliomo ndani ya simu yangu. Msimamo wangu wa kukataa simu mpya ulikuwa na gharama, na mlipaji hakuwa mimi. Mchuma janga hula na wa kwao. Mtu aliyeishi peke yake porini anaweza kuacha ukuta wake na ufa, akasema ni shauri langu. Lakini simu haina mtu wa peke yake. Namba 40 za wanakikundi zilikuwa mle. Jina langu, ambalo watu waliliamini kwa miaka 30 ya chaki, lilikuwa mle. Nilikuwa nimeliweka jina hilo katika nyumba yenye ufa, kwa sababu nilikuwa na ugomvi na mwashi.

Wala sisemi kwamba deni langu linafuta deni lake. Hapa ndipo wengi hukosea. Wengine husema: kampuni imekosa, basi mimi sina kosa. Wengine husema: wewe mtumiaji ndiwe mzembe, basi kampuni imetakasika. Madeni mawili yanaweza kukaa katika jambo moja, na kila mwenye lake atalilipa. Mwashi aliyetumia udongo mbovu ana lake. Mwenye nyumba aliyewakaribisha wageni walale chini ya ukuta anaoujua kwamba umepasuka, naye ana lake.

Linabaki swali la muda. Deni la mwashi huisha lini? Siwezi kudai kwamba aliyeniuzia simu mwaka 2017 anishonee viraka mpaka kufa kwangu. Lakini siwezi pia kukubali kwamba ahesabu miaka anavyotaka, kimya kimya, na mimi nijue mwisho wake kwa kuibiwa. Katika hili naona dunia imeanza kuamka. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji wa vifaa vya namna hii aseme waziwazi viraka vitaendelea mpaka lini. Haimwambii iwe miaka mingapi, lakini inamkataza kunyamaza. Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi: kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinataka masasisho ya mfumo wa simu yapatikane kwa angalau miaka 5, tena ikihesabiwa tangu siku mtengenezaji alipoacha kuiingiza sokoni aina hiyo ya simu. Google kwa simu zake za Pixel 8 za mwaka 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 za mwaka 2024, wameahidi miaka 7. Ahadi ni deni, nasi tutahesabu.

Katika kanuni ile ya Ulaya kuna neno moja ambalo mtu wa Tanga ataliona upesi kuliko mtu wa Paris: tangu siku ya mwisho ya kuuzwa. Huku kwetu simu nyingi hutufikia zikiwa na umri. Zimeuzwa kwingine zikachujuka, zimetumiwa na wengine, zimekaa rafuni mpaka bei ikashuka tukaimudu. Miaka ikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya kuuzwa, tajiri aliyenunua mapema anapata ulinzi wote, na maskini aliyenunua mwisho ananunua makapi ya ulinzi kwa fedha iliyomuuma zaidi. Na huyo maskini ndiye ambaye fedha zake zote zimo ndani ya simu. Kama kuna kipimo kimoja cha haki ningependa kukiona katika kila nchi, ni hicho: miaka ihesabiwe kwa mnunuzi wa mwisho.

Nilimlipa yule mjane shilingi zake 180,000. Alikataa mara mbili, akasema mwizi si mimi. Nilimwambia sijui mwizi aliingilia wapi, na kwa kuwa sijui, sina haki ya kumwachia yeye hasara. Akapokea.

Kisha nikampigia simu binti yangu nikamwambia amenishinda. Dukani, mwuzaji alinionyesha kamera na rangi. Nilimwuliza viraka vyake vya usalama vitafika mpaka mwaka gani, na kama nitavipata bila kulazimishwa kubadili toleo. La kwanza tulilitafuta pamoja mpaka tukalipata. La pili hakuna aliyeweza kunijibu, na hadi leo naona ni swali linalostahili jibu. Mwuzaji akacheka: "Mzee, wewe wa kwanza kuniuliza hivyo." Simu ya zamani sikuitupa. Niliitoa laini, nikafuta majina na mambo ya fedha, nikaiacha na redio yake na picha zake. Iko dirishani jikoni, inasoma habari, haijui namba ya mtu yeyote.

Na katika kikundi chetu tuliongeza utaratibu mdogo. Kila mkutano, mweka hazina anaposoma salio, husoma pia tarehe ya kiraka iliyoandikwa katika simu yake, mbele ya wote. Wengine huona ni mchezo wa wazee. Lakini mkutano mmoja nilisahau, nikafunga daftari, na ndipo sauti ikatoka nyuma, ya yule mwalimu wa darasa la kwanza:

"Mwalimu, na ufa je? Umezibwa?"

Nikavaa miwani tena, nikasoma tarehe.